Mifupa ya Mkamwana

"Ondoa hiyo simu mbele ya uso wangu, Mama Emmanuel. Mimi sitazami mwili wa mkamwana wangu."

"Mwili uko wapi hapa, Baba Emmanuel? Nyama hakuna, ngozi hakuna, hata kucha hakuna. Ni mifupa mitupu."

"Ndiyo mbaya zaidi! Mtu akivua nguo yuko uchi. Huyu amevua mpaka nyama!"

Mume wangu Nsajigwa akageuza kiti, akaipa simu mgongo, akakazia macho kalenda ya kanisa ukutani kama vile leo ndiyo siku ya kuhesabiwa. Mvua ilikuwa inapiga mabati, kwa hiyo tulikuwa tunagombana kwa kupiga kelele. Mvua hiyo hiyo ndiyo iliyomrudisha mapema. Kikao cha wazee wa kanisa kilivunjika kabla ya sala ya kufungua, maana maji yalikuwa yameingia mpaka kwenye viatu vya mwenyekiti. Mimi nilisikia yalimfika kwenye tai, lakini tuseme viatu.

"Jumatatu kitanda kinamngoja Mbeya," nikamwambia mgongo wake. "Daktari anataka mguu ufungwe kwa skrubu kabla mifupa haijazoea kukaa vibaya. Ikizoea, Atupakisye atachechemea mpaka tumzike. Na mwanao Emmanuel kule machimboni Chunya anasema nini? Eti anasubiri neno la baba. Neno lenyewe unalo wewe, umelikalia kama kuku."

"Neno nilishatoa. Alipigwa picha mara ya kwanza, wakasema mguu mzima. Akapigwa tena, wakasema mguu mzima. Anadeka."

"Picha zote mbili alipigwa amelala!"

"Mfupa unajali nini kama mwenyewe amelala au amesimama?"

Swali hilo si la kijinga, hata mimi niliwahi kujiuliza. Ili mlielewe jibu lake, kwanza mumjue Atupakisye.

Tulimtoa Lupepo, kwa Jairo mchoma matofali. Siku alipoletwa hapa Suma alikuwa msichana mwembamba mwenye kicheko kinene. Akicheka jikoni, mbuzi wa jirani walikuwa wanakata kamba. Mwenye mbuzi bado yuko hai, muulizeni. Nilimpa jembe, akalima mpaka nikamwomba apumzike, maana alikuwa anataka kuingia shamba la watu. Kwenye chai, vidole vyake huvioni. Unaona majani tu yanarukia kapuni yenyewe, na yale yaliyokomaa yanajificha kwa aibu. Emmanuel alipokwenda Chunya kutafuta dhahabu, nyumba yao ilibaki juu ya mgongo wa huyu mwanamke pamoja na watoto, migomba, maparachichi, na mimi juu. Sikuwahi kumsikia akisema amechoka. Alikuwa anasema, "Mama, leo jua limekaa sana," halafu anakwenda kulala.

Sasa, huku kwetu Unyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Vijana wa siku hizi wanakumbatiana na wakwe zao na kupiga picha harusini, na hakuna aliyekufa. Lakini Nsajigwa wangu ni wa zamani, na Atupakisye alilelewa na bibi yake, ambaye alikuwa wa zamani kuliko zamani yenyewe. Tangu aolewe hajapita mlango wa mbele wa nyumba hii mzee akiwamo. Anazungukia jikoni. Akimwona mbali njiani, anaacha njia. Penye migomba anaingia migombani, penye chai anainama ndani ya chai, penye mtaro anaruka mtaro. Hawajawahi kusemezana hata neno moja. Chumvi ikipungua kwenye mboga, mzee ananiambia mimi, na mimi nakwenda kumwambia yeye, na njiani naongeza maneno yangu.

Hata jina la mzee halitaji. Nsajigwa kwa Kinyakyusa ni aliyebarikiwa, basi yule mtoto hatamki neno baraka. Kwaya ikilifikia, sauti ya pili yote inapungua ghafla, ujue Atupakisye amefumba mdomo. Mchungaji aliwahi kumwita pembeni kumuuliza kama ana jino bovu.

Mzee naye ana adabu yake. Akikaribia kona anakohoa, ili mwenzake apate nafasi ya kupotea. Amekohoa miaka yote hiyo, wakati kifua chake ni kizima kama ngoma. Kuna mganga wa zahanati alimsikia siku moja, akamfuata na kikopo anataka makohozi.

Basi mwaka jana, kwenye mvua za Desemba, Atupakisye alirudi kutoka shambani anachechemea, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Tukamuuliza amefanyaje. Akasema ameteleza. Mguu ukavimba kama mkate uliozidishiwa hamira. Nikaukanda kwa maji ya moto na majani ninayoyajua mimi, uvimbe ukashuka. Maumivu yakabaki.

Ajabu yake ilikuwa hii: akikaa, hana kitu. Akilala, hana kitu. Akisimama tu, tena akiwa na kapu mgongoni, katikati ya mguu panakuwa kama mtu anachanja kuni mle ndani. Hapo ndipo mzee alipopata la kusema. "Ugonjwa gani huo unaojua saa za kazi?" Na zile picha mbili zikamtia nguvu, maana mifupa ilikuwa imejipanga vizuri kuliko kwaya yetu. Kicheko cha Atupakisye kikaanza kupungua. Mbuzi wa jirani wakanenepa kwa utulivu.

Mwishoni akapatikana daktari mmoja mgeni, aliyekuja kuona watu wa mifupa. Aliushika ule mguu, akaubonyeza hapa na pale, akamwambia asimame kwa mguu mmoja. Atupakisye akasimama, machozi yakamtoka bila sauti. Daktari akasema, huyu anatakiwa apigwe picha ya kubeba uzito, mashine yake imekuja Mbeya.

Ya kubeba uzito. Nilisikia kwa masikio yangu haya, na si mimi peke yangu, hata muuguzi alirudia. Basi nikashuka bondeni nikachagua mkungu wa ndizi, ule mkubwa kabisa ambao mgomba wenyewe ulinishukuru nilipoukata. Tukautia kwenye kapu la chai. Bodaboda iliyotupeleka Tukuyu kwenye gari la Mbeya ilipanda mlima ikiwa imesimama kwa tairi la nyuma, kama mbuzi anayefuata majani ya juu. Dereva alikuwa anaona mawingu tu, akawa ananiuliza mimi njia.

Mbeya tukapokewa na mtaalamu wa picha, kijana anaitwa Gidion, mtoto wa mjini, mpole, ana viatu vyeupe ambavyo havijawahi kukutana na udongo wetu.

"Shikamoo bibi. Sasa huu mzigo vipi tena?"

"Marahaba baba. Si mmesema picha ya kubeba uzito? Tumeuleta. Kama hautoshi, na mimi nipo, anibebe."

Kijana akacheka mpaka akashika mlango. "Bibi, uzito ni wake mwenyewe. Mwili wake tu unatosha. Asimame kama anavyosimama nyumbani."

"Mngesema mapema. Huu mkungu umetoka Suma."

"Basi usirudi nao, bibi yangu. Utakuwa umechoka." Mtoto wa mjini, lakini ndizi anazijua.

Mashine yenyewe ilikuwa kama pipa kubwa jeupe lililokatwa likabaki fupi, lina mlango ubavuni. Unavua viatu, unapanda kijukwaa, unaingia na miguu yako miwili, unasimama wima umeshika vyuma. Mlango unafungwa, wewe umetokeza juu kama mtu anayeoga mtoni. Halafu kuna kitu mle ndani kinakuzunguka miguu polepole, kinanguruma kama nyuki mwenye adabu. Hujafika kwenye amina ya Baba Yetu, kimemaliza.

Kabla ya hapo lakini, Gidion alikuwa na maswali yake.

"Dada, uliumiaje?"

"Niliruka mtaro."

"Ulikuwa unakimbia nini?"

Akajifunga kanga upya.

"Mnyama?"

"Hapana."

"Mwizi?"

"Hapana, jamani! Nilikutana na... na mwenye mji."

Gidion akanigeukia, sauti ameishusha. "Bibi, huyo mwenye mji ni nini? Ni mzimu?"

"Ni mume wangu," nikasema. "Ila mzimu ungekuwa nafuu, maana huo nasikia hautaki mboga yenye chumvi."

Nikamtazama Atupakisye. Yeye akatazama vidole vya miguu yake.

"Siku ile hakukohoa, mama," akasema taratibu. "Kwenye kona ya kwa Lazaro. Alikuwa na ndizi ya moto mdomoni, mashavu yamejaa. Nimegeuka hivi, huyu hapa. Upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine mtaro. Nikaruka na kapu mgongoni. Mguu ukatangulia kwenye jiwe, mimi na kapu tukaufuata."

"Na miezi yote hii ukasema umeteleza?"

"Ningesemaje, mama? Nimtaje kwamba yeye ndiye kanivunja? Yeye aliyekuwa anapita njia yake?"

Gidion alikuwa ameacha kuandika.

Picha ilipotokea, nilidhani ni mchezo. Mguu mzima uko pale kwenye kioo, mifupa mitupu, na kijana anauzungusha kwa kidude chake cha mkononi. Mara unautazama kwa mbele, mara kwa nyuma, mara kwa chini kama wewe ni sakafu. Mimi kusoma sijui, lakini kile hakikuhitaji kusomwa. Akaweka picha ya kulala upande mmoja, na hii ya kusimama upande wa pili. Mguu ule ule. Amelala, mifupa imekaa pamoja kama ndugu msibani. Amesimama, mfupa wa kidole gumba na wa kidole kinachofuata inaachana, katikati pengo, kama ndugu wale wale siku ya kugawana shamba.

"Kuna kano hapa, kama kamba, inayofunga mifupa hii," Gidion akasema. "Imekatika. Akilala hakuna kinachoisukuma mifupa, inarudi mahali pake, unaona kila kitu kizuri. Mwili ukiikalia, inafunguka. Ndiyo maana zile picha za kwanza hazikuona. Hazikudanganya. Ila mguu ulikuwa umepumzika."

Atupakisye akalikazia macho lile pengo, halafu akaanza kulia, safari hii kwa sauti. Nikadhani ni woga wa skrubu. Nikamshika bega.

"Si woga, mama," akasema. "Nilishaanza kuamini kwamba nadeka."

Ndiyo maana nilirudi Suma na simu yenye picha hiyo, inayozunguka yenyewe ukiigusa, Gidion alinifundisha. Na ndiyo maana Jumamosi hii nilikuwa nagombana na mgongo wa mtu.

"Emmanuel ameiona?" mgongo ukauliza.

"Ameiona. Anasema yeye anajua mawe, mifupa hajui. Mkewe afunguliwe mguu, atiwe chuma, halafu baba aseme hakuulizwa? Anakuogopa. Mtoto ana ndevu, bado anakuogopa."

"Basi na aendelee. Mimi kutazama, sitazami."

Nikaacha mvua iongee peke yake. Nikaguna kidogo, nikajishika kiuno, nikakaa kitandani pale penye mlio ili asikie nimekaa kwa shida.

"Sawa," nikasema. "Ya kwake usitazame, heshima ni heshima. Basi tazama ya kwangu."

Kichwa kikageuka nusu. "Ya kwako?"

"Gidion alinipiga na mimi. Alisema bibi aliyeleta mkungu wote ule harudi bure. Sikutaka kukwambia."

"Kuna nini?"

"Tazama mwenyewe. Au na mifupa ya mkeo ni mwiko? Watoto wote wale uliwapata kwa njia ya posta?"

Kiti kikageuka chote. Akavaa miwani, ile yenye mkono mmoja, akaishika kwa kidole. Nikagusa kioo, mifupa ikaanza kuzunguka. Mzee wangu akasogea, akasogea tena, mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye simu.

"Hiki kisigino ni chako kabisa," akasema. "Ningekitambua hata sokoni. Kina kiburi."

"Endelea."

"Hapa sasa." Kidole chake kikasimama. "Hapa kati pana nini? Mbona pameachana?"

"Ndiyo hapo."

"Panauma?"

"Nikisimama. Nikikaa sisikii kitu. Nikibeba mzigo ndiyo naona nyota mchana."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akavaa tena. Picha ikazunguka, pengo likapita, likarudi.

"Na mguu huu unapanda nao kutoka mtoni?"

"Napanda nao."

"Na ndoo kichwani?"

"Ndoo nitaiweka wapi?"

"Mama Emmanuel!" Sauti ilimtoka ya zamani, ya ujana wetu, nikakaribia kuona haya. Karibu tu. "Mguu umepasuka hivi, mwanga unapita katikati, na wewe unanipikia, unanichotea maji, unanyamaza? Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeniambia nadeka."

"Mimi? Kwa mguu kama huu? Mtu akiuona mguu huu halafu aseme anadeka, huyo si mtu, ni gogo. Jumatatu unakwenda Mbeya. Watie skrubu, watie misumari, watie chochote. Nitakubeba mgongoni ikibidi."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Ni neno la mwenye mji hilo?"

"Nimeshasema, mwanamke, unataka nipige kengele?"

"Ndaga fijo," nikamjibu, asante sana. "Mguu ni wa Atupakisye."

Simu ikamtoka, ikaanguka mapajani mwake, ikaendelea kuzunguka pale pale. Akafumba macho kwa nguvu, kama mtu anayeweza kurudisha alichokwisha kuona. Nilitegemea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, hata matusi ya kumjibu nilikuwa nimeyapanga. Hakunitukana.

"Umenivunjia heshima, Mama Emmanuel," akasema, macho bado amefumba.

"Na yeye amevunjika kwa hiyo heshima." Nikamweleza habari ya kona ya kwa Lazaro, mtaro, na kapu. Sikuongeza chochote, na mnaonijua mtashangaa. "Ulikuwa na ndizi mdomoni," nikamalizia. "Hukukohoa."

Mvua ilikuwa imeanza kutulia kidogo, halafu ikaghairi.

"Niliona majani yanatikisika mle mtaroni," akasema. "Nikadhani mbuzi."

Nikamsogelea.

"Nilimfukuza. Nikasema, toka! Mdomo umejaa, nikasema, toka hapo!" Akafumbua macho, hakunitazama mimi, alitazama mikono yake. "Na ganda la ndizi nikamtupia."

"Hilo hakuniambia."

"Hawezi kukwambia." Akaokota simu mapajani. Safari hii hakuikwepa. Akaishika kwa mikono miwili kama anavyoshika kitabu cha nyimbo, akautazama ule mguu unavyozunguka, mbele, nyuma, na pale katikati. "Yuko mtaroni na mguu huu, mimi namtupia ganda. Kisha nimekaa hapa tangu Desemba nasema anadeka. Nimemwambia mumewe. Nimemwambia mpaka mchungaji." Akasukuma simu kwangu. "Mpigie Emmanuel. Mpigie sasa hivi, hata kama yuko shimoni, wamtoe. Mwambie baba yako anasema hivi..."

Mlango wa mbele ukasukumwa. Atupakisye akaingia akichechemea upesi, gunia kichwani kujikinga mvua, bakuli la maharage limefunikwa kwa jani la mgomba, akisema, "Mama, mvua hii leo..." kwa sababu alidhani mzee bado yuko kikaoni. Kisha akamwona. Hapo hapo, mbele yake, karibu hata angeweza kumpokea lile bakuli. Nikaona goti lake linakunjika na ule mguu mbovu unajikaza kwenye kizingiti, tayari kumrusha nyuma mpaka uani.

"Usiruke!" Nsajigwa akapiga kelele.